Barua kwa Mwanangu: Mzani wa Babu Yako

Mwanangu Koku,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku Bukoba hatujambo, mvua imeanza, migomba imeinuka, na goti langu la kushoto linanisumbua asubuhi tu. Ile sauti uliyonitumia juzi usiku nimeisikiliza yote, dakika tisa, kesho yake nikairudia nikimenya ndizi. Kukujibu kwa sauti nimeshindwa. Nikishika simu niongee peke yangu maneno yananikimbia, kwa hiyo nimechukua daftari. Mdogo wako ataipiga picha akutumie.

Umeniuliza habari za kijana wako. Unasema miezi mitano iliyopita alikuwa akikuleta kanisani na kukusubiri kwenye gari, anasikiliza mpira. Sasa yuko kwenye timu ya sifa, amenunua Biblia yenye zipu, kila asubuhi anaweka mstari kwenye WhatsApp, na anataka abatizwe upesi kabla ya sendofu. Rafiki zako wanakupongeza. Wewe unauliza, "Mama, nitajuaje kama amemaanisha, au amependa tu?" Halafu mwishoni kabisa, sauti ikashuka, ukasema, "Na mimi mwenyewe je?" Ukakata.

Hayo ya mwisho ndiyo yaliyoninyima usingizi. Ila nianze na kijana, kwa kuwa ndiye uliyemtanguliza.

Kupenda si dhambi, mwanangu. Mimi niliingia kwaya nikiwa na miaka 19 kwa ajili ya sare. Ilikuwa ya bluu, kola nyeupe, na waliovaa ile sare ndio waliopanda meli usiku kwenda kuimba Mwanza. Kipaimara nilikipata nikiongoza darasa zima, Katekisimu Ndogo ya Luther niliijua kichwani, pamoja na kila "maana yake ni nini?" Baba yako naye, Mungu amrehemu, alivutwa na tarumbeta. Alikuwa anakuja kusikiliza bendi, mahubiri yakianza anatoka nje kuvuta sigara. Siku zile ungeniuliza kama nampenda Yesu ningekujibu kwa wimbo, tena sauti ya pili. Moyoni hamkuwa na kitu. Hamkuwa na ubaya pia. Nilikuwa mtu aliyependa kanisa kama anavyopenda harusi.

Ndiyo maana siwezi kumcheka mtu aliyeingia kwa mlango wa uani. Shida yangu ni pale anapoketi sebuleni akaanza kusema yeye ni wa nyumba hii.

Sasa utanivumilia, maana nimefundisha historia miaka 31 na ugonjwa huo hauponi. Ng'ambo ya ziwa hili ninaloliona nikisimama nyuma ya jiko alikuwapo Kabaka Mutesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda. Yule bwana alipenda dini mpaka unamhurumia. Alianza na Uislamu: alifunga Ramadhani karibu miaka kumi, lakini kutahiriwa akakataa, kwa kuwa damu ya Kabaka haikutakiwa kumwagika. Vijana wa ikulu waliosilimu kwa dhati walipoikataa nyama iliyochinjwa na asiyetahiriwa, aliamuru wauawe. Katikati ya hayo, mwaka 1875, akaja Stanley, yule mzungu msafiri, Kabaka akaupenda Ukristo. Ombi lake la kutaka walimu likachapishwa gazetini London mwaka huohuo. Wamisionari wa Kianglikana wakafika 1877, Mapadre Weupe wa Kikatoliki wakafika 1879, naye akawa anawakalisha Mackay wa Waanglikana na Padre Lourdel wa Wakatoliki barazani wabishane, akisikiliza kwa raha zake kama kijana wako na mpira wake. Na maswali aliyouliza yalikuwa mazuri. Vitabu vinasema aliogopa majeshi ya Misri kutoka kaskazini na alitaka bunduki. Kweli, lakini mimi siamini kwamba ilikuwa siasa tupu. Nadhani alipenda kweli. Alikufa Oktoba 1884, hakubatizwa na hakutahiriwa, na wake zake wote walikuwa palepale.

Lakini tazama vijana waliokuwa wakimtumikia. Kule kuingia dini kuliitwa kusoma, na wenyewe wakaitwa wasomi, kwa sababu wengi walichokuwa wanakitaka ni hizo herufi, hicho kitu kipya kilichokuja ikulu. Ilikuwa sare yao ya kwaya. Novemba 1882 mapadre wakaona hatari, wakaondoka wote, wakavuka ziwa wakaenda kukaa Bukumbi, huku kwetu upande wa Mwanza. Hawakurudi mpaka 1885. Karibu miaka mitatu hapakuwa na padre wa kuwaita majina, hapakuwa na misa, wala mtu wa kuwaambia wameendelea vizuri. Wao wakaendelea kufundishana usiku, Joseph Mukasa akiwaongoza, na mapadre waliporudi wakawakuta wameongezeka.

Yaliyofuata chini ya Kabaka Mwanga, mwana wa Mutesa, unayajua, kila tarehe 3 Juni unaona kwenye runinga mahujaji wanavyofurika Namugongo, kule Uganda walikouawa wale wafia dini. Mmoja wa waliochomwa pale mwaka 1886 alikuwa Mbaga Tuzinde, aliyebatizwa siku chache tu kabla, na mkuu wa wanyongaji, Mukajanga, ndiye aliyekuwa mlezi wake. Alimbembeleza akane tu kwa mdomo, hata akataka kumficha. Kijana akakataa. Nilipokuwa nafundisha, darasa lilinyamaza hapo kila mwaka. Lakini sikusimulii ili umtafutie mchumba wako mnyongaji. Mimi siku hizi naiwaza zaidi ile miaka mitatu ya katikati, ambayo wanafunzi wangu hawakuwahi kuiulizia.

Basi nikupe mfano wa nyumbani, maana hujawahi kusimuliwa wote. Baba yangu alinikataza nisiuseme akiwa hai, na baada ya hapo nikazoea kunyamaza.

Babu yako alikuwa karani wa mzani. Wakati wa kahawa watu walileta magunia, yeye anapima, anaandika kwenye daftari. Kila gunia alikuwa anapunguza ratili mbili tatu. Mkulima hajui kusoma, atajuaje? Msimu ukiisha hizo ratili zinageuka pesa, wanagawana na wenzake. Wakati huo huo alikuwa mzee wa kanisa, anashika sahani ya sadaka, anasoma somo la pili kwa sauti nzito ambayo watu waliisifu. Hakuwa mnafiki wa kujificha, nadhani. Kwake mzani ulikuwa kazini na Yesu alikuwa kanisani, na havikuwahi kukutana.

Miaka ile uamsho ulikuwa bado una nguvu huku kwetu. Ulianzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda, ukaingia Bukoba. Watu wake ndio walioitwa walokole, neno la Kiganda lenye maana ya waliookolewa. Leo ninyi mnalitumia kumcheka msichana aliyevaa sketi ndefu. Nilikuwa na miaka saba. Babu yako alisimama kwenye mkutano, akakiri habari za mzani. Watu walilia, wakamkumbatia, wakamwimbia Tukutendereza. Nakumbuka nilijisikia fahari. Kumbe hapo alikuwa hajafanya kitu, na yeye mwenyewe alilijua hilo, kwa sababu usiku ule hakulala.

Kesho yake alianza kuandika majina. Aliuza ng'ombe wawili. Bibi yako alinuna miezi, kwa sababu mmoja wa wale ng'ombe alitoka kwao. Halafu akanishika mkono, mimi na mfuko wa pesa, tukaanza kupita nyumba kwa nyumba. Kwa nini alinichukua mimi sikuelewa mpaka nilipokuwa mtu mzima. Alijua asingethubutu kugeuka njiani mtoto wake anamtazama.

Mzee mmoja alipokea, akacheka, akaenda kuzinywea rubisi zote siku hiyohiyo. Mjane mmoja alizihesabu polepole, akasema, "Ni pungufu." Baba akaongeza. Mwingine alikataa kuzigusa, akawaita wanawe wanne kutoka shambani, akamwambia baba, "Rudia mbele yao ulichoniambia mimi." Baba akarudia. Nilitamani ardhi ipasuke. Kuna nyumba tatu alifukuzwa na moja aliwekewa mbwa.

Na kazi akaipoteza. Wenzake wa mzani hawakuweza kukaa na mtu wa namna ile. Msimu uliofuata jina lake halikuwepo. Aliiba miaka sita hakufukuzwa, akafukuzwa kwa kurudisha. Tulikula ndizi kwa chumvi mwaka mzima. Wala usidhani alikuwa malaika baada ya hapo. Hasira zake unazikumbuka, alikuchapa siku ulipovunja redio. Lakini tangu mwaka ule, baba yangu akisema "Mungu amenisamehe," nilijua anaongea habari ya kitu kilichotokea, chenye bei na majina ya watu.

Turudi kwa kijana. Usimwekee mitego, naomba. Najua marafiki zako wamekwambia umtishe kwamba hakuna ndoa uone kama atarudi kanisani. Mtu hapimwi imani kwa uongo. Wewe tazama tu. Jumapili ambayo hajapangwa kuimba, yupo? Mchungaji akisema neno linalomgusa pabaya, anakuja kesho yake kuuliza, au anaanza kusema kanisa lile lina baridi? Wazazi wake wasio wa kanisa, anawaheshimu zaidi kuliko zamani au ameanza kuwaona washenzi? Hilo la mwisho lichunguze sana, mwanangu. Moto wa juujuu mara nyingi huanza kwa kuunguza watu wa nyumbani.

Kuhusu ubatizo, nitasema bila kuzungukazunguka: mnaharakisha kwa sababu ya ukumbi. Uliniambia kianzio kimelipwa na kamati imeshaanza kuchangisha. Mapadre Weupe, kwa agizo la Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, waliwatayarisha watu miaka minne kabla ya maji. Sisi Walutheri hatuna ukali huo, lakini kijana wako mmempa wiki sita kwa kuwa kadi zimeshachapwa. Kama kweli anamtaka Kristo, atamtaka hata harusi ikisogea mwakani. Kama anakutaka wewe tu, hiyo nayo ni sababu nzuri ya mtu kuoa, sema asiilipie kwa ubatizo. Nendeni wote wawili kwa mchungaji, mwambieni ukweli. Kianzio kikipotea, kipotee. Nitachangia.

Sasa wewe.

Watu watakwambia kwamba anayeuliza "mimi nimeamini kweli?" tayari ameamini. Sikwambii hivyo, kwa sababu mimi nilijiuliza hilo miaka mingi nikiwa sina lolote, tena nilifurahia kujiuliza, nilijiona mtu wa kina. Lililonivuta mimi lilikuja nikiwa na miaka 40 na kitu, baada ya baba yako kufariki, walipozusha kwamba nimekula fedha za umoja wa wanawake. Unakumbuka sikwenda kanisani miezi minane. Sare nilishairudisha. Hakukuwa na tarumbeta wala meli ya Mwanza, na watu niliokuwa nawaimbia ndio walionisema. Usiku nilikuwa napiga magoti kwa mazoea tu, naanza Baba Yetu, nikifika kwenye kusamehe naishia hapo. Wiki nyingi. Siku moja nikamaliza. Sikusikia joto lolote, nilimaliza tu, na Jumapili nikaenda nikakaa benchi moja na yule dada aliyeanzisha maneno. Mpaka leo hatupendani sana. Tunapeana mkono.

Kwa hiyo sitaki kukusomea moyo, mimi ni mama yako tu. Ninachoweza kukuambia ni nilichokiona. Sadaka unatoa. Ahadi ya jengo umemaliza kabla ya wengine. Desemba ulikuja hapa ukanionyesha sare mpya ya kwaya, na tulipokuwa tunakaanga senene ukaniambia huku unacheka kwamba pesa ya hiyo sare iliingiliana na mshahara wa dada wa kazi, ukamwambia avumilie, akavumilia mwezi, akavumilia wa pili, halafu akaondoka kurudi kwao Singida bila kuaga. Ukasema siku hizi hawa wasichana hawana shukrani. Mimi nilinyamaza, nikakoroga senene. Nilikosea kunyamaza, nisamehe.

Miezi miwili, Koku. Na nauli yake.

Namba yake ninayo. Alinipigia Pasaka kunisalimu, akaniuliza habari za goti, na wewe hakukutaja kabisa.

Nakupenda,
Mama