Mafuta kwenye ini: ukoo, kitambi na kichocho

Baba na shangazi wote wana mafuta kwenye ini. Na mimi yananisubiri? (Nyakato)

Kinachorithiwa ni wepesi wa ini kulimbikiza mafuta. Jeni inayojulikana zaidi ni PNPLA3, iliyohusishwa na tatizo hili mwaka 2008. Ikiwa na hitilafu, protini yake hung'ang'ania matone ya mafuta ndani ya ini na kuzuia yasivunjwe. Una nakala mbili, ya baba na ya mama. Zikiwa na hitilafu zote, hatari ni kubwa zaidi. Ongeza kitambi, kisukari na bia za kila jioni, ndipo makovu kwenye ini huja haraka.

Mimi mvuvi, mwembamba. Ultrasaundi imeonyesha mafuta. Wamekosea? (Igombe)

Si lazima. Wembamba hupata pia. Hitilafu ya jeni ya TM6SF2 huzuia ini kutoa mafuta kwenda kwenye damu, hivyo kolestro inaweza kusoma vizuri huku ini limejaa.

Nitajuaje kama makovu yameanza? (Buswelu)

Kuna hesabu iitwayo FIB-4, unaifanya kwa kikokotoo cha simu. Namba zinatoka kwenye majibu ya damu: AST na ALT ni vimeng'enya vya ini, na chembe sahani ni zile za kugandisha damu. Zidisha umri wako kwa AST. Tafuta kipeuo cha pili cha ALT, kizidishe kwa chembe sahani (kwa maelfu), kisha gawanya jibu la kwanza kwa hili la pili. Mfano: miaka 48, AST 50, ALT 64, chembe sahani 250. 48 × 50 ni 2,400. Kipeuo cha 64 ni 8, mara 250 ni 2,000. Jibu 1.2. Chini ya 1.3, makovu makubwa si rahisi kuwepo. Juu ya 2.67, muone daktari bingwa mapema. Kwa aliye chini ya miaka 35 hesabu hii haiaminiki.

Sisi wa ziwani tuna mtego wetu. Kichocho cha tumbo huvimbisha bandama, bandama hunasa chembe sahani, zikipungua kwenye damu jibu la FIB-4 linapanda hata kama mafuta hayana kosa. Malaria nayo hushusha chembe hizo. Kwa hiyo usipime ukiwa na homa, na mweleze daktari kama unaingia ziwani.

Nipime jeni? (Kirumba)

Hapana, majibu hayatabadilisha matibabu. Hela hiyo pima sukari na homa ya ini B. Ukiwa na kilo 90, lenga kupunguza 7 hadi 9, polepole. Anza na soda. Sato endelea naye, ila wa kuchemsha.