Mgongo unauma hadi mguuni, niuze pikipiki nikapige MRI? Jibu langu kwa mleta mada

Mkuu, nimesoma swali lako na michango yote iliyofuata. Kwa wanaoingia sasa hivi: jamaa ana miaka 34, mgongo unamsumbua wiki ya tano, maumivu yanashuka hadi mguuni, eksirei "haijaonesha kitu", na muuza duka la dawa kamwambia bila MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) anapoteza muda. Anataka kuuza pikipiki, na pikipiki ndiyo inayomlisha. Humu ndani mmoja kamwambia auze, mwingine kamwambia eksirei moja inatosha kuleta kansa.

Mimi si daktari. Ni fundi wa kuchomelea mageti na grili. Ila nimelala chini ya mashine hizi mara nyingi kuliko ninavyopenda. Safari moja picha ilionekana safi kumbe nimevunjika, safari nyingine ilionekana mbaya kumbe kilichotisha hakikuwa ndicho kinachouma.

Tuanze na mkono. Mwaka 2015 usiku nilikuwa nimepakiwa kwenye bodaboda, tukateleza kwenye mchanga, nikatanguliza mkono wa kulia. Kituo cha karibu walinipiga eksirei mbili, moja ya kutoka juu na moja ya ubavuni. Daktari akaiinua kwenye taa, akasema mifupa yote mizima, ni misuli imeshtuka. Bandeji, diclofenac ya kutuliza maumivu, nyumbani. Wiki iliyofuata nilikuwa nimeshika grainda.

Maumivu hayakuwa ya kukunyima usingizi. Yalikuwa ya kero tu: kufungua kifuniko cha chupa, kusukuma mlango, kukandamiza grainda kwenye bati nene. Nikayabeba miezi minane, huku kila anayeona bandeji akinielekeza kwa mzee wa kuchua.

Bingwa wa mifupa niliyefika kwake hakugusa hata bahasha ya picha. Aliniambia ninyooshe dole gumba kama mtu anayeomba lifti. Fanya na wewe sasa hivi: chini ya dole gumba, kwa upande wa mgongo wa kiganja, utaona kishimo kati ya kano mbili. Akabonyeza ndani ya kile kishimo kwa ncha ya kidole. Nikanyanyuka kwenye kiti bila kupenda. Ndipo akachukua fomu, akaandika jina la mfupa mmoja, skafoidi, na akaelekeza nipigwe picha nne, mojawapo kiganja kikiwa kimepindwa kuelekea kidole cha mwisho ili huo mfupa ujitokeze usijifiche nyuma ya wenzake.

Picha ya tatu ilitosha. Mfupa wenyewe ni mdogo, una umbo kama la korosho, na katikati yake ulipita mstari mweusi. Kingo za mstari zilikuwa nyeupe pe, maana yake ufa ni wa zamani na mfupa umeshaacha kujaribu kuungana.

Alinieleza kwa nini picha ya siku ya kwanza ilikuwa safi. Ufa mpya kwenye mfupa huu unaweza kuwa mwembamba kiasi kwamba eksirei haiuoni. Siku zinavyokwenda mwili hula kingo za mfupa pale ulipopasuka, ufa unapanuka, na ukipiga tena baada ya siku 10 hadi 14 unauona. Na mfupa huu una ubaya wake: sehemu kubwa ya damu yake huingilia upande wa vidole na kurudi nyuma, kwa hiyo ukikatika katikati kipande cha nyuma kinabaki na njaa, na kinaweza kufa. Ndiyo maana ukianguka kwa kiganja na kishimo kile kinauma, utaratibu ni kukufunga mkono kana kwamba umevunjika hata kama picha ni safi, kisha urudiwe baada ya wiki mbili, au upigwe MRI, ambayo huonyesha ufa wa aina hiyo mapema.

Kwa hiyo eksirei ya kwanza siilaumu. Ilionyesha ilichoweza kuonyesha siku ile. Nilichokosa ni mtu wa kuniambia "rudi baada ya siku 14".

Upasuaji walinifanyia kwa sindano ya ganzi ya bega, nikawa macho. Chumba kina mashine ya eksirei yenye umbo la herufi C, inazungushwa kwenye mkono wako, na picha zinatokea kwenye skrini hapo hapo. Kwanza wakasafisha ufa na kupachika mfupa mwingine uliochukuliwa mkono ule ule, karibu na kifundo. Kisha ukapita waya mwembamba, picha, wakautoa kidogo, picha tena, hadi ukakaa katikati kabisa ya ile korosho. Ndipo skrubu yenye tundu katikati ikapitishwa juu ya waya kama shanga kwenye uzi. Mimi natoboa vyuma kila siku ya Mungu, lakini kutoboa kitu usichokiona, ukaongozwa na kivuli chake, hiyo ni kazi nyingine.

Nichomekee jambo kwa mafundi wenzangu humu. Wodini nilikuwa jirani na dereva wa bodaboda aliyevunjika paja. Yeye aliwekewa fimbo ya chuma ndani ya mfupa inayoitwa SIGN. Ilibuniwa na daktari wa Marekani, Lewis Zirkle, kwa ajili ya hospitali zisizo na hiyo mashine ya herufi C. Fimbo inafungwa kwenye mkono wa chuma ulio nje ya mguu, wenye matundu yanayolingana na ya ndani, kwa hiyo ukitoboa kupitia tundu la nje unafikia la ndani bila kuhitaji picha ya kukuongoza. Yaani jigi, kile kiongozi tunachotobolea sisi mafundi! Nilimwomba daktari anieleze mara mbili kwa furaha tu.

Sasa mgongo, ndio hasa ulioulizia.

Mwaka 2022 nilinyanyua geti na kijana wangu, likamponyoka, uzito wote ukaja kwangu. Siku tatu baadaye maumivu yalikuwa yanatoka kiunoni kulia, yanapita ubavuni mwa mguu hadi dole gumba la mguu. Mtaani jibu lilikuwa moja: pingili zimesagika. Na mimi, kwa haraka zangu na kwa vile nilikuwa na pesa ya tenda, sikutaka kusikia habari ya kusubiri. Nikalipa laki nne na ushee, nikaenda MRI.

Kabla ya kuingia kuna dodoso. Sumaku ya mashine ile haizimwi jioni kama taa, iko muda wote, na nyingi ni za tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), maelfu ya mara ya nguvu ya sumaku ya dunia. Mama aliyekuwa mbele yangu alivua vibanio vya wigi, akavua na hirizi iliyokuwa na bati ndani, akaikabidhi kwa mwanawe kwa unyonge kabisa. Ilipofika zamu yangu nikataja skrubu ya mkononi, wakaomba karatasi za upasuaji, wakaona ni ya titani, wakaridhika. Kisha yule dada wa mionzi akauliza kazi yangu. Kusikia "kuchomelea" akasimama. "Umewahi kuingiwa na chuma jichoni?"

Fundi gani hajawahi? Nikapelekwa kwanza kupigwa eksirei ya macho. Kipande cha chuma kilichojificha jichoni kinaweza kusogezwa na sumaku na kukupofusha. Mafundi, hili mlishike, mlitaje hata msipoulizwa.

Ndani ni dakika kama 25 za kelele, kama mtu anapiga debe huku mwingine anakata chuma. Unapewa viziba masikio na kitufe cha kubonyeza ukizidiwa. Mashine yenyewe haina mionzi ya eksirei. Inasoma maji yaliyomo mwilini, ndiyo maana inaona vitu laini kama diski (mito iliyo kati ya pingili), mishipa ya fahamu na kano, ambavyo kwenye eksirei havionekani. Kwa hiyo "eksirei haikuonesha kitu" maana yake mifupa yako imeonekana sawa. Diski haikuulizwa kabisa.

Ripoti nikaisoma mwenyewe kwenye simu, nje getini, kosa la mwaka. Ilianza na diski ya chini kabisa, kati ya pingili ya tano ya kiuno na mfupa wa nyonga ya nyuma: imechomoza upande wa kushoto, inagusa mshipa wa fahamu. Ikafuata ya juu yake, imevimba kidogo upande wa kulia. Diski tatu "zimekauka". Nilimpigia mke wangu nikamwambia habari ya kiti cha magurudumu.

Daktari aliisoma akacheka kidogo. Akanilaza chali, akauinua mguu wa kulia ukiwa umenyooka, nikapiga kelele kabla haujafika nusu. Akaniambia nikunje dole gumba kuja juu yeye akilikandamiza, la kulia likashindwa kidogo. Akagonga nyuma ya kisigino kwa kinyundo, miguu yote ikaruka sawasawa. Kisha akasema: mshipa unaosumbua ni wa kulia, ule unaoshuka hadi dole gumba, na unaoubana ni kile kivimbe "kidogo" cha juu. Ile diski kubwa iliyonikosesha usingizi iko kushoto, na mguu wangu wa kushoto ulikuwa mzima kabisa. Huenda nilikuwa nayo miaka na miaka.

Akanipa takwimu ambazo nimezishika mpaka leo. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Brinjikji walikusanya tafiti 33 za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Diski zilizovimba zilikutwa kwa asilimia 30 ya wenye miaka 20, na asilimia 84 ya wenye miaka 80. Kukauka, asilimia 17 kwa hao vijana. Watu wazima wa afya, wanacheza mpira, na MRI zao zinasoma kama yangu. Diski yenye maji huonekana nyeupe kwenye picha, ikikauka inakuwa nyeusi, na inaanza kukauka ukiwa bado kijana, kama ngozi na nywele zinavyobadilika.

Sikupasuliwa. Dawa za maumivu siku za mwanzo, kutembea kila siku, mazoezi ya fizio, na marufuku ya kubeba mageti. Wiki ya kumi nilikuwa kazini. Laki nne yangu haikubadilisha hata kidonge kimoja katika matibabu yale. Angeyaanza kwa kunigonga kisigino tu.

Lakini usichukue hadithi yangu kuwa ruhusa ya kukaa nyumbani. Kuna hali ambazo pikipiki iuzwe leo, au bora zaidi ukimbilie hospitali ya rufaa, mengine yatajulikana huko. Mkojo umeziba au unatoka bila habari yako. Ganzi sehemu zile unazokalia tandiko la baiskeli. Unyayo unaburuzika, au udhaifu wa mguu unaongezeka kila siku. Hizo mbili za mwanzo zinahesabiwa kwa saa.

Na ukiwa na homa za jioni, jasho la usiku, mwili unapungua, mgongo unauma hata ukilala, fikiria TB ya uti wa mgongo. Binamu yangu alichuliwa miezi mitano kwa mafuta ya kila rangi. Eksirei ya kawaida tu ikaonyesha pingili mbili zimeliwa na nafasi kati yake imepotea, MRI ikaonyesha usaha umefika wapi. Alitibiwa kwa dawa za TB, ambazo serikali hutoa bure. Kibiongo kidogo kimebaki, kwa sababu ya ile miezi mitano.

Aliyesema eksirei moja inaleta kansa: eksirei ya kiuno ni kama milisiverti 1.5 (milisiverti ni kipimo cha mionzi), wakati ardhi na anga hutupa wastani wa 2.4 kwa mwaka bila kulipia. Ya kifundo cha mkono haifiki hata sehemu ya mia ya hapo. CT, ile mashine ya eksirei inayokuzunguka, ndiyo inayokwenda mara kadhaa ya eksirei ya kawaida, hiyo usiiombe kama soda. Na mjamzito aseme kabla.

Mwingine kauliza goti la mama yake "lililoisha mafuta". Akapigwe eksirei akiwa amesimama, siyo amelala. Akilala nafasi ya goti inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Kilichoisha pale ni gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, mafuta hayana shida.

Mleta mada, nijibu haya kabla hujapokea hela ya mtu. Maumivu yanapita goti kushuka chini, au yanaishia pajani? Yanafika kidole kipi? Unaweza kutembea kwa visigino hatua kumi bila unyayo kuanguka? Mkojo uko sawa? Na huyo aliyekuandikia eksirei, alikulaza akauinua mguu, au aliandika tu ukiwa umekaa?