Benzi E320 ya 2004 inamisi (silinda moja haichomi mafuta sawasawa), fundi anasema injini: USINUNUE, soma hapa kwanza

Mkuu, hiyo hela ya injini umeshaitoa au bado? Kama bado, fundi huyo usimpigie leo wala kesho. Kama umeshaitoa, pole sana, karibu chamani, mwenyekiti ni mimi.

Umeandika gari linatetemeka likiwa silensa (limesimama, injini inanguruma), taa ya injini inawaka, mashine ya kusoma makosa imetoa P0305, yaani misi iko silinda ya tano, fundi akasikiliza akasema "ringi (za pistoni) zimekwisha, hapa ni injini tu", na tayari amekutafutia ya mtumba Ilala kwa milioni nne na nusu. Ukaongeza habari ya gia kupiga teke ikitoka ya pili, na gari kulala chini usiku. Mimi nilipofika kwenye "hapa ni injini tu" nikaweka kikombe cha chai mezani. Hayo maneno nayajua. Niliambiwa hivyo hivyo mwaka 2019, na niliyalipia.

Yangu ni Benzi E240 ya 2003, umbo la W211 kama yako, na injini ni za tumbo moja: M112, V6 (silinda sita), yako lita 3.2 yangu 2.6. Ilianza kumisi asubuhi tu, nikifika Ubungo imetulia. Baadaye ikawa muda wote, na nikikanyaga mafuta kupanda kilima cha Kimara taa ya injini haiwaki tu, inapepesa. Namba ya kosa P0304, yaani silinda ya nne.

Nikaipeleka kwa fundi ambaye ukutani kwake kuna nyota ya ncha tatu ya Benzi, kubwa kuliko sinia la pilau. Akabadilisha plagi. Sita. Za zamani akanirudishia kwenye mfuko wa rambo kama ushahidi. Sasa sikia: injini hii ina plagi 12. Kila silinda ina plagi mbili, na kila silinda ina koili yake moja, kifaa cha kuzipa plagi umeme wa cheche, inayozilisha kwa waya mbili fupi. Mimi sikujua, nilipiga hesabu ya V6 plagi sita nikaona sawa. Lakini mwenye nyota ukutani ni yeye, si mimi.

Misi haikuondoka. Akasafisha nozeli, zile zinazopuliza petroli. Haikuondoka. Ndipo akaweka bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho kama anasikiliza taarabu, akatoa hukumu: ringi. Hakupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Nilimuuliza, akasema geji ameiazimisha. Ndugu yangu, hapo ndipo nilipotakiwa kuchukua funguo zangu. Geji ya kompresheni wakati huo ilikuwa haifiki hata laki moja, na mimi nilikuwa naenda kutoa mamilioni kwa sababu geji imeazimwa.

Na kuna shemeji yangu mmoja, mjuaji wa kila kitu, yeye akatia chumvi: "Benzi ya umri huo unashangaa nini, weka injini upumzike." Huyo kwenye kikao cha familia bado tuna kesi.

Basi nikanunua. Injini milioni 4.2, kazi laki sita, maunti mpya, kuulanti, na oili lita 8 maana injini hii inakunywa kama ngamia. Jumla ikakaribia milioni 5.6. Injini ya zamani nikamwachia kwa laki tatu apunguze kwenye kazi, na hapo nilijiona mjanja. Halafu namba ya injini kwenye kadi ya gari haikulingana tena na iliyopo, kwa hiyo kukawa na safari nyingine ya kubadilisha kadi.

Siku ya nne akawasha. Pu, pu, pu-pu. Mtetemo ule ule, usukani unacheza mikononi kama simu iliyowekwa mtetemo. Akachomeka mashine: P0304.

Unajua alisema nini? "Hata hii nayo ringi zimekwisha. Hawa wa Ilala matapeli."

Injini mbili tofauti, silinda ile ile, na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kuulizia bei ya injini ya tatu. Ungenicheka lakini wewe mwenyewe uko kwenye injini ya pili sasa hivi.

Aliyenitoa gizani ni mtoto wa dada yangu, kidato cha pili, na giza lenyewe lilikuwa giza kweli: umeme ulikatika. Nilikuwa nimefungua boneti uani, injini inanguruma, namulika kwa simu bila kujua natafuta nini. Chaji ikaisha, tochi ikazima. Kijana akasema, "Mjomba, mbona huku kuna cheche?" Nikainama. Upande wa kushoto, mbele kabisa, chini ya koili, kamstari ka buluu kanaruka kutoka kwenye koili kwenda kwenye kava la valvu. Tik, tik, tik. Na kila kanaporuka, injini inakosa pumzi. Mchana usingekaona. Nikachukua chupa ya mke wangu ya kunyunyizia maua, nikapuliza ukungu kidogo pale, injini nusura izime.

Hiyo silinda ya mbele kushoto ndiyo ya nne. (Ukikaa kwenye usukani, kulia kwako ni 1, 2, 3 kuanzia mbele kwenda nyuma, kushoto ni 4, 5, 6. Ya kwako ya tano iko katikati upande wa kushoto.)

Sasa jiulize: injini mpya, koili iliyopasuka imetoka wapi? Injini ya mtumba ilikuja imevuliwa, koili zinauzwa peke yake. Fundi alichukua koili zote sita na waya zote kutoka injini ya zamani akazifunga kwenye mpya, kila moja mahali pake pa awali, kwa uaminifu mkubwa. Ugonjwa nikauhamisha mimi mwenyewe kwa milioni tano na ushei. Koili ya mtumba niliinunua Kariakoo shilingi elfu sabini, na muuzaji alinipunguzia elfu tano kwa kunionea huruma.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitaiandika kwa herufi kubwa: HAMISHA KABLA HUJANUNUA.

Injini ikiwa imepoa na imezimwa kabisa (umeme wa koili si wa kuchezea), chomoa koili ya silinda ya 5 uipeleke silinda ya 2, ya 2 ilete kwenye 5. Koili tu, waya na plagi ziache zilipo. Futa kosa kwenye mashine, endesha. Ikitokea P0302, koili ndiyo mbaya, nunua koili moja, umemaliza, uninunulie soda. Ikibaki P0305, hamisha waya zake mbili. Ikibaki, hamisha plagi zake, ZOTE MBILI, narudia, mbili. Ikibaki, nozeli. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, maana ukihamisha vitatu kwa pamoja na kosa likahama, hujui ni kipi na umerudi kwa yule wa bisibisi.

Kofia za hizo waya hung'ang'ania kwenye plagi kwa sababu ya joto la egzosti. Usivute waya wenyewe, utakatika ndani na utajitengenezea misi mpya. Zungusha kofia kwanza, kisha ishike kwa chini na spana ya mdomo ya 17 uinyanyue taratibu. Na ukikuta mafuta ya oili yametapakaa pale, gasketi za kava la valvu zinavuja, jambo la kawaida kwa M112, na oili inalainisha mipira ya hizo waya hadi inaachia moto.

Umehamisha vyote hivyo na kosa bado liko silinda ya 5? Hapo sasa kompresheni. Si kwa sikio, kwa geji, silinda zote sita, na wewe umesimama pale unaandika namba. Kama ya tano iko chini sana ya wenzake, haya, tuzungumze habari za injini. Hapo nitakaa kimya.

Ingekuwa P0300, yaani misi inayozurura silinda hii na ile, ningekuambia uanze na hewa inayovuja kwenye mipira ya inteki na sensa ya hewa. Ya kwako imetaja silinda moja kwa jina. Shukuru.

Halafu taa ikipepesa, punguza mguu. Petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye katalisti, kile kichujio cha moshi kwenye egzosti, na kuikaanga. Yangu ilikufa hivyo, na fundi yule yule akajitolea kuikata bure "ili gari lipumue". Bure! Baadaye nikajua katalisti chakavu zina wanunuzi wake, na wala si kitu cha kutoa bure.

Gia nayo, achana nayo kwa sasa. Injini ikimisi gari zima linapiga teke, huwezi kujua gia ni nzima au mbovu. Tibu misi kwanza, ukirudi tuongee. Kulikuwa na swali lingine, limenitoka.

Ah, na ile injini yangu ya zamani. Mwaka juzi nilikuwa naosha gari Mbezi, pembeni imeegeshwa E240 ya fedha, mwenyewe amefungua boneti anajisifia kwa waosha magari. Nikachungulia. Kwenye kava la valvu kulikuwa na doa jekundu la rangi ya kucha ya mke wangu, nililiweka mwenyewe siku natafuta uvujaji wa oili. Nikamuuliza injini kaitoa wapi. Akasema kauziwa na fundi mmoja mwaka 2019, milioni tatu, na tangu hapo haijawahi kumsumbua hata siku moja. Akaiwasha nisikie. Imetulia kama cherehani.