Ukuta wa Matumbawe Hautaki Saruji

Ukuta wa nyumba yetu ya Kibokoni unaotazama kichochoro ulibambuka plasta miaka minne iliyopita, kipande cha ukubwa wa mkeka wa kuswalia. Nikafanya wafanyavyo wengi hapa Mji wa Kale, Mombasa: nikanunua saruji, nikaziba. Masika ya pili yote ikaanguka, tena ikaondoka na ngozi ya jiwe lenyewe. Hilo ndilo lililoniuma, maana plasta hununuliwa, lakini jiwe lile walilipanga mababu.

Mzee mmoja mwashi wa mtaani alilitazama akaniambia, "Mwanangu, ukuta huu wanywa maji. Upe pa kuyatolea."

Ndivyo ulivyo. Jiwe la matumbawe lina vitundu. Hunywa mvua, hunywa na unyevu wa ardhini, na hapa kisiwani unyevu huo huja na chumvi. Chini ya plasta ya chokaa maji hupenya na kukaukia nje. Saruji huyafungia ndani. Chumvi ikabaki nyuma yake, ikafanya punje, punje zikasukuma, na kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko jiwe, kinachopasuka ni jiwe.

Kwa hiyo anza kwa kuiondoa saruji yote, kwa tindo na nyundo ndogo, polepole. Gonga na pembeni: panapolia utupu, plasta imeshaachana na ukuta, ibandue pia. Chumvi nyeupe isugue kwa brashi ikiwa kavu. Ukiimwagia maji inayeyuka na kurudi ndani.

Chokaa ya mfuko iloweke siku moja kabla, iwe laini kama uji mzito. Vaa glavu na miwani, kwani chokaa huunguza, na ikiingia jichoni osha kwa maji mengi kisha nenda hospitali mara moja. Mchanganyiko wangu ni karai moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Mchanga uwe wa mto. Wa ufuoni uko bure na uko karibu, lakini utakuwa unautia ukuta chumvi ile ile unayopigana nayo.

Rowesha jiwe vizuri kabla ya kupiga, la sivyo litafyonza maji ya chokaa na plasta haitashika. Tabaka moja lisizidi unene wa kidole. Mashimo makubwa yajaze kwanza kwa vipande vya matumbawe. Kisha subiri wiki nzima, zaidi ukibonyeza kwa kidole na pakabonyea, ndipo upige tabaka la pili.

Kusubiri huku ndiko kunakowashinda watu. Chokaa haigandi kama saruji. Huwa ngumu kidogo kidogo kwa kuvuta hewa, nayo huhitaji unyevu ili ifanye kazi hiyo. Tundika magunia yaliyolowa mbele ya ukuta, uyarashie maji asubuhi na jioni. Mimi hufanya kazi hii Agosti, kusi likivuma na jua halijawa kali. Wakati wa kaskazi plasta hukauka juu juu ikapasuka.

Ukimaliza, usiipake rangi ya mafuta wala ya plastiki, maana utakuwa umeuziba tena. Paka chokaa nyepesi kama maziwa, mikono mitatu au minne. Yangu nimeipaka mara mbili tangu wakati ule, na masika haya ukuta ulilowa, ukakauka, haujadondosha kitu.