Barua kwa Mwanangu: Kuridhika na Raha Ndogo Si Kukata Tamaa

Mwanangu mpendwa,

Ninatumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya. Sisi hatujambo, na baba yako anakusalimu sana.

Umeniandikia kwamba cheo ulichokihangaikia kwa miaka mingi hatimaye umekipata, lakini furaha yake imedumu majuma machache tu, na sasa umeanza kukimezea mate kingine. Kisha ukaniuliza kama kuridhika na raha ndogo za kila siku, kama watu wanavyotuhimiza, si kukata tamaa kulikopewa jina zuri. Jibu langu ni hapana, lakini hapana hiyo inahitaji maelezo, nami sipendi kukujibu kwa mkato jambo linalokunyima usingizi.

Kwanza, usijilaumu kwa kuwa furaha imepoa. Mwanadamu huzoea mazuri upesi kuliko anavyodhani. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake, watafiti wa Marekani, walichapisha uchunguzi uliowalinganisha washindi 22 wa bahati nasibu kubwa na watu wengine 22 ambao hawakushinda chochote. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha kubwa kuwazidi wenzao, na walipoulizwa kuhusu mambo ya kawaida kama kuzungumza na rafiki, kusikia kichekesho au kusoma jarida, walisema wanayafurahia kwa kiasi kidogo zaidi. Ulimi uliozoea utamu mkali huacha kuuhisi ule mwepesi, na nadhani jambo la namna hiyo liliwapata.

Hata hivyo, watu hao walikuwa wachache, na haki inanitaka nikueleze upande wa pili. Wachumi waliowachunguza washindi wengi zaidi nchini Uswidi, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2020, waliona kwamba fedha nyingi ziliongeza kuridhika kwa mtu anapoyatathmini maisha yake kwa ujumla, na ongezeko hilo lilidumu zaidi ya miaka 10. Lakini athari yake katika furaha yenyewe ilikuwa ndogo zaidi. Hapo ndipo ninapoliona jibu la swali lako. Kuyapima maisha yako na kuiishi siku yako ni mambo mawili. Cheo, mshahara na nyumba vinajibu swali la kwanza, na ni halali kuvitafuta. Lakini haviwezi kuiishi asubuhi yako kwa niaba yako. Anayefurahia kutembea jioni baada ya kazi hajaacha kutamani makubwa, kwa sababu matembezi yale hayakuwahi kugombea nafasi moja na cheo.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wanaowaambia maskini waridhike na jua linapochomoza. Mtu aliyekosa dawa ya mtoto wake anahitaji dawa, na kumhubiria raha ndogo ni kumdhulumu mara ya pili. Wewe mahitaji yako yametimia, kwa hiyo ninaweza kukuambia bila kigugumizi kwamba kinachokupungukia sasa ni kuwepo pale ulipo.

Wanasaikolojia Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert walitumia simu za mkononi kuwauliza watu wazima 2,250, kwa nyakati za kushtukiza, walikuwa wakifanya nini na wakiwaza nini. Matokeo yao ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba karibu nusu ya muda mawazo ya watu yalikuwa mbali na jambo walilokuwa wakilifanya, na kwamba nyakati hizo walikuwa na furaha kidogo kuliko walipozingatia lililokuwa mbele yao. Soma tena barua yako, mwanangu: unaoga huku ukipanga mkutano, unamsikiliza rafiki huku ukisubiri simu ilie, unalala huku ukihesabu ya kesho. Raha hizo zinakupitia kila siku, nawe hupo kuzipokea.

Ninachokushauri, basi, si kutafuta raha mpya. Chagua chache ulizo nazo tayari, kama maji ya kuoga baada ya kuchoka, ukimya kabla wengine hawajaamka, mazungumzo yasiyo na ajenda, kurasa kadhaa za kitabu, kisha uzipe muda wake bila kuchanganya na kitu kingine. Usizipige picha ili watu wazione. Raha inayohitaji kushuhudiwa na wengine hugeuka upesi kuwa shindano, nawe mashindano unayo ya kutosha kazini. Mwanzoni utahisi unapoteza muda, na akili itatoroka mara nyingi. Irudishe tu, bila kujigombeza.

Mwanafalsafa Epikuro wa Ugiriki ya kale, ambaye wengi humdhania kuwa mtetezi wa anasa, alifundisha kwamba tunajizoeza kutosheka na kidogo si ili tuishi na kidogo daima, bali ili tusiteseke kikiwa ndicho pekee kilichopo. Na akaongeza kwamba asiyekuwa mtumwa wa vingi ndiye anayevifurahia zaidi vinapokuja. Mafundisho hayo nayapenda kwa sababu hayakukatazi kupanda cheo. Yanakuondolea hofu tu, na mtu asiye na hofu hufanya kazi vizuri zaidi.

Kuhusu hicho cheo kingine, sikukatazi kukiomba. Lakini kabla hujakiomba, jiulize kama unaitaka kazi yenyewe, yaani saa zake, majukumu yake na watu wake, au unataka tu ile siku ya kutangaziwa kwamba umekipata. Ukiwa unaitaka kazi, omba, nasi tutakuombea. Ukigundua ni ile siku tu, subiri kidogo, uniandikie, tulizungumze pamoja na baba yako.

Wako akupendaye,
Mama