Wakazi hawafiki 300: kwa nini Diamantina ina halmashauri yake?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimesoma kwamba huko Australia ipo halmashauri iitwayo Diamantina, magharibi kabisa mwa jimbo la Queensland, ambayo eneo lake linalipita lile la Ureno ilhali wakazi wake hawafiki 300. Naomba kuelezwa inaendeshwa kwa fedha za nani, na kwa nini serikali ya jimbo isiiunganishe na jirani zake ili kubana matumizi.

JIBU: Ndugu msomaji, hatua hiyo unayoipendekeza Queensland iliwahi kuichukua, tena kwa mkono mzito. Mwaka 2008 idadi ya halmashauri za jimbo hilo ilishushwa kutoka 157 hadi 73. Katika upande huohuo wa magharibi, Ilfracombe na Isisford ziliunganishwa na Longreach, nazo Aramac na Jericho zikaunganishwa na Barcaldine. Diamantina, pamoja na jirani zake Boulia na Barcoo, ziliachwa kama zilivyokuwa, na atakayeitazama ramani hatashangaa. Kutoka Bedourie, yaliko makao makuu ya Diamantina, hadi mji wa Birdsville ni karibu kilomita 190, na kutoka Bedourie hadi Boulia ni mwendo unaokaribia huohuo. Muungano haupunguzi hata kilomita moja ya barabara, wala hauondoi haja ya kuwa na greda, mafundi na karakana katika kila mji. Kwa maoni yetu, ambacho kingeokolewa ni mishahara ya maofisa wachache wa ngazi za juu, na gharama yake ingekuwa kuhamisha ajira za mji ambao halmashauri ndiyo mwajiri wake mkuu.

Kuhusu fedha, kodi ya ardhi ipo lakini haitoshi. Walipaji wake wakubwa ni ranchi za ng'ombe, ambazo ni pana mno na chache mno, na sehemu kubwa ya magharibi ni jangwa la Simpson lililo chini ya hifadhi ya taifa ya Munga-Thirri, ambako hakuna wa kutozwa. Kwa hiyo halmashauri hutegemea ruzuku ambayo serikali ya shirikisho imekuwa ikiitoa kwa serikali za mitaa tangu miaka ya 1970. Lau ruzuku hiyo ingegawanywa kwa kuhesabu vichwa tu, Diamantina ingeambulia makombo. Ila sheria inataka asilimia 30 tu ya fungu la jumla ndiyo itumike kukadiria kiwango cha chini cha kila halmashauri kwa idadi ya watu, na kinachosalia kigawanywe kwa kupima mahitaji, yaani umbali, uchache wa watu na gharama za kutoa huduma. Fungu la barabara hukokotolewa peke yake.

Chanzo kingine, ambacho wageni wengi hawakifahamu, ni kandarasi. Barabara kuu zinazokatiza eneo hilo ni mali ya jimbo, lakini jimbo huilipa halmashauri izitunze, kwa kuwa ndiyo yenye mitambo na wafanyakazi walioko karibu. Hapo ndipo halmashauri inapofanana zaidi na kampuni ya ujenzi kuliko na baraza la wanasiasa. Kazi yenyewe haiishi: mvua ya Birdsville kwa kawaida haifiki milimita 200 kwa mwaka, ila maji yaliyonyesha mamia ya kilomita kaskazini huteremka polepole kwa mto Diamantina na kutanda nyikani chini ya anga lisilo na wingu, yakakata barabara kwa majuma kadhaa, na yakishapungua changarawe humwagwa na kusawazishwa upya. Halmashauri hiyohiyo hutunza viwanja vya ndege, ambavyo ndiyo njia ya kumfikisha mgonjwa hospitalini, na husambaza maji mjini. Birdsville huyavuta kutoka kisima chenye kina cha zaidi ya mita 1,000, nayo hutoka yakiwa karibu kuchemka, hivyo sharti yapozwe kabla ya kufika bombani.

Uongozi wake ni meya mmoja na madiwani wanne, huchaguliwa kila baada ya miaka minne, na kupiga kura ni lazima kwa mujibu wa sheria.

SWALI: Je, kuna sehemu za Australia zisizo na halmashauri kabisa?

JIBU: Zipo, na si ndogo. Katika jimbo la New South Wales, mji wa Broken Hill una halmashauri yake, lakini nyika inayouzunguka, pamoja na vijiji kama Tibooburra na Silverton, haimo katika halmashauri yoyote, na barabara zake hutunzwa na wakala wa jimbo. Kwa nyika za kaskazini mwa South Australia, jimbo liliunda mamlaka maalumu ya kuzihudumia jamii hizo. Kuna pia hali ya tatu: Central Darling, jirani wa eneo hilo la Broken Hill, ina halmashauri, ila madiwani wake walisimamishwa mwishoni mwa 2013 kwa sababu ya hali mbaya ya fedha, akawekwa msimamizi aliyeteuliwa na serikali ya jimbo, na wakazi wakakaa zaidi ya miaka kumi bila diwani waliyemchagua wenyewe. Hilo liliwezekana kwa sababu katiba ya Australia haizitaji kabisa serikali za mitaa. Ni viumbe vya sheria za majimbo, na kura za maoni za 1974 na 1988 zilizokusudia kubadili hali hiyo zilishindwa.