Kinga, haki au upendeleo?

SWALI: Ni mtangazaji wa redio hapa Wete, Pemba. Nilitafsiri habari ya Marekani, ya mswada wa kuzuia wabunge wasipitishwe mbele ya foleni ya ukaguzi viwanja vya ndege. Nikaandika "kufuta haki ya Wawakilishi kutopekuliwa". Mhariri akaitoa "haki" akatia "kinga". Nani kapatia?

JIBU: Hakuna, ndugu yangu, ila mhariri kakosea zaidi. Kinga humlinda mtu na la kumdhuru. Ndiyo maana mjumbe ana kinga ya kutoshitakiwa kwa aliyoyasema barazani. Foleni haimdhuru mtu, inamchosha tu. Haki nayo ni kitu ukikikosa umedhulumiwa. Sasa yule anayepitishwa mlango wa pembeni, sisi tumeshavua mikanda na kikapu cha halua tumekishika mkononi, akiambiwa rudi nyuma kadhulumiwa nini? Huyo kapendelewa. Neno lako ni upendeleo.

Lakini usiandike "upendeleo wa wabunge". Msikilizaji atajiuliza: wanapendelewa au wanapendelea? Hiyo "wa" hukubali yote mawili. Sema "kuwaondolea wabunge upendeleo". Wapo wanaoiogopa "ondolea", kwa kuwa twaombeana "Mungu akuondolee maradhi", wakaona kama wabunge wanafanyiwa hisani. Kinachoamua ni jina linalofuata. Kuondolewa homa ni raha, kuondolewa kiti cha mbele ni karaha.

Kupekua ni kazi ya kuku jaani. Begi likipita kwenye mashine, linakaguliwa. Afisa akilifungua akatoa kanga moja moja mbele za watu, hapo ndipo linapopekuliwa. Na habari yako yasema wanaruka foleni, haikusema hawakaguliwi. Hilo umewazulia.

La mwisho ni hao "Wawakilishi". Bunge la Marekani lina Seneti ya watu 100 na Baraza la Wawakilishi la watu 435, kwa hiyo kwa wao Wawakilishi wapo, ila neno hilo linawaacha nje maseneta. Tena sisi Wazanzibari tuna Baraza la jina hilohilo tangu 1980, na kwa masikio ya Wete Mwakilishi ni wa Chukwani, linakokaa Baraza hilo, Mbunge ni wa Dodoma. Ungeisoma hivyo hewani, simu zingeanza kulia Chukwani kabla hujamaliza taarifa ya hali ya hewa.

Ningeisoma hivi: "Mswada Marekani wataka wabunge waondolewe upendeleo wa kuruka foleni ya ukaguzi viwanja vya ndege."